Sheria ya Upangaji Inapobadilika: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Nyumba za Kupanga

Msimamizi wa nyumba anaweza kufanya kazi vilevile alivyoifanya kwa miaka 10, kwa nia njema kabisa, na asubuhi moja akawa amevunja sheria. Fomu ya notisi ni ileile, maneno ni yaleyale, mpangaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe. Notisi hiyo ikifika mbele ya hakimu inatupwa. Mwenye nyumba anaanza kuhesabu miezi upya, na mpangaji amekaa majuma kadhaa na hofu ya kuhama ambayo hakustahili kuwa nayo.

Mabadiliko ya aina hii yanatokea nchi nyingi, na hayaelekei upande mmoja. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, mabadiliko zaidi ya 130 yalianza kutumika 29 Machi 2021. Nchini Uingereza, kwa upande wa England, sheria mpya ya haki za wapangaji iliidhinishwa 27 Oktoba 2025, na sehemu yake kubwa, pamoja na kumzuia mwenye nyumba binafsi kumtoa mpangaji bila sababu, ikapangiwa kuanza 1 Mei 2026. New Zealand iliondoa notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu mwaka 2021, kisha ikairudisha 30 Januari 2025. Anayejiandaa mara moja na kuona amemaliza atashikwa na badiliko linalofuata.

Wengi wetu, tukisikia sheria inabadilika, tunakimbilia kuisoma. Mimi nashauri uanze kwingine: anza kwa kuijua mikataba uliyonayo mkononi. Kifungu hakikuambii kitu mpaka ukiweke kando ya mlango fulani, mpangaji fulani na tarehe fulani.

Hatua ya 1: Fungua daftari moja la upangaji wote

Liwe la karatasi au la kompyuta, shauri yako. La muhimu ni kwamba kila nyumba iwe na mstari wake, na kila mstari uwe na haya: namba ya nyumba, majina ya walioandikwa kwenye mkataba na ya wanaoishi humo bila kuandikwa, siku mkataba ulipotiwa saini, siku mpangaji alipoingia, siku mkataba unapoisha, kodi ya sasa na siku ilipopandishwa mara ya mwisho, amana ni kiasi gani na iko mikononi mwa nani, notisi yoyote iliyo njiani, kesi au lalamiko lililo wazi, matengenezo yaliyoripotiwa na bado hayajafanyika, na vyeti vya usalama wa umeme na gesi pale vinapohitajika, pamoja na siku vinapokwisha.

Usichanganye siku ya saini na siku ya kuingia. Zinaweza kupishana kwa majuma, na sheria moja itahesabu kuanzia saini, nyingine kuanzia siku mtu alipopewa funguo. Andika zote mbili.

Angalia pia mikataba ambayo muda wake uliisha zamani lakini mpangaji yumo na analipa. Mara nyingi upangaji wa namna hii unahesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi, na sheria mpya inaweza kuugusa kabla ya mingine. Vilevile wapo walioingia kwa makubaliano ya mdomo. Kukosa karatasi hakumfanyi mtu asiwe mpangaji. Katika nchi nyingi kulipa kodi na kukaa kunatosha kumpa ulinzi. Waandike nao.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilijipa siku mbili. Nilitumia karibu majuma matatu, kwa sababu amana kadhaa zilikuwa zimepokelewa na wakala aliyenitangulia bila risiti, na ilibidi niketi na kila mpangaji tulinganishe kumbukumbu. Mapengo hayo ukiyakuta miezi mitano kabla ya sheria kuanza, unayaziba kwa mazungumzo. Ukiyakuta baada ya hapo, utayaeleza mbele ya hakimu.

Hatua ya 2: Pata maandishi yenyewe

Habari za redioni na ujumbe wa simu unaosambazwa na mawakala havitoshi. Tafuta sheria yenyewe kama ilivyochapishwa rasmi, kisha tafuta kanuni zake, kwa sababu sheria husema "kwa fomu iliyowekwa" na fomu hiyo imo ndani ya kanuni. Muswada si sheria. Unaweza kubadilishwa vifungu vyake siku za mwisho, kwa hiyo usichapishe mkataba mpya kwa kuutegemea. Tumia muswada kukisia ukubwa wa kazi tu.

Tenganisha siku tatu: siku bunge lilipopitisha, siku sheria ilipoidhinishwa, na siku kila sehemu inapoanza kutumika. Hii ya mwisho inaweza kuwa siku kadhaa. Sheria ya New Zealand iliyoidhinishwa 11 Agosti 2020 ni mfano mzuri: siku iliyofuata tu, kodi ilizuiwa kupandishwa zaidi ya mara moja kwa miezi 12, sehemu kubwa ikaanza 11 Februari 2021, nyingine zikasubiri hadi Agosti 2021. Msimamizi aliyeandika tarehe moja ukutani alikosea pande zote mbili, akachelewa kwa jambo moja na kuwahi kwa jingine.

Unaposoma, usianzie ukurasa wa kwanza kwenda wa mwisho. Anza na kifungu cha tafsiri, kwa sababu "mpangaji", "makazi" na "kodi" vinaweza kuwa na maana pana kuliko ulivyozoea. Nenda kwenye misamaha uone kama nyumba zako zimo au la: vyumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba, mabweni ya wanafunzi, nyumba za likizo, nyumba za waajiriwa. Soma adhabu, ili ujue lipi linaanza na lipi linaweza kungoja. Kisha fika kwenye masharti ya mpito, na hapo usiwe na haraka.

Hatua ya 3: Masharti ya mpito, kurasa zinazosahaulika

Kwa kawaida yamefichwa mwishoni mwa sheria au kwenye jedwali lake, na watu wengi wanachoka kabla hawajafika. Makosa mengi ya miezi ya kwanza yanazaliwa hapo. Masharti haya yanajibu maswali matatu: mkataba uliotiwa saini kabla ya sheria unafuata kanuni ipi? Notisi iliyotolewa kabla ya sheria na bado haijaisha inakuwaje? Na jambo lililokwisha kutendeka, kama kodi iliyopandishwa au amana iliyochukuliwa, linaguswa?

Tuseme sheria inaanza 1 Julai na inaongeza muda wa notisi kutoka siku 30 hadi 60. Wewe ulimpa mpangaji notisi tarehe 10 Juni, na kwa hesabu ya zamani inaisha 10 Julai. Sheria inaweza kusema notisi iliyotolewa kihalali kabla ya 1 Julai itaendelea. Inaweza kusema notisi yoyote ambayo haijaisha ifikapo 1 Julai inakufa. Inaweza pia kusema inaendelea, lakini lazima uende mahakamani kabla ya tarehe fulani. Majibu haya yanakupeleka pande tatu tofauti, na busara ya kawaida haitakuambia lipi ni sahihi. Linaamuliwa na sentensi moja iliyo kwenye ukurasa ule.

Mifano halisi ipo. Huko England, katazo la kumtoza mpangaji ada nyingi za pembeni lilianza 1 Juni 2019 kwa mikataba mipya, na mikataba iliyokuwepo tayari ikapewa mwaka mzima, hadi 1 Juni 2020. Kwa mwaka ule, wapangaji wawili wa jengo moja waliweza kuwa chini ya kanuni mbili. California ilikwenda mbali zaidi. Ukomo wa kupandisha kodi ulianza 1 Januari 2020, lakini ulirudi nyuma hadi 15 Machi 2019: aliyepandisha kupita kiwango ndani ya miezi hiyo alilazimika kuishusha kodi siku sheria ilipoanza.

Rudi sasa kwenye daftari lako na uongeze safu moja: "kanuni inayotawala". Pitia mstari kwa mstari, uandike kama upangaji huu unafuata sheria ya zamani, mpya, au ya zamani hadi tarehe fulani. Ukikwama kwenye mistari 5 kati ya 80, hiyo mitano ndiyo ya kumpelekea wakili. Wakili anayeulizwa swali lililonyooka, lenye tarehe na nakala ya mkataba, anajibu haraka na kwa gharama ndogo kuliko anayeambiwa "tueleze sheria mpya".

Hatua ya 4: Geuza kila kifungu kiwe kazi ya mtu

Chukua karatasi. Upande mmoja andika kifungu kinachotaka nini, unaofuata andika tunafanya nini leo, kisha nini kibadilike, nani atakibadilisha, mwisho lini, na ushahidi utakuwa upi. Watu wengi huiacha safu ya mwisho, nami naiona kubwa kuliko zote.

Chukua kifungu kinachosema matengenezo ya dharura yaanze ndani ya saa 24 tangu mpangaji anapotoa taarifa. Leo mpangaji humwambia mlinzi getini, mlinzi akikumbuka anampigia fundi. Saa 24 zitaanza kuhesabiwa lini? Nani atathibitisha? Utahitaji namba moja ya kupokea taarifa, pahali pa kuandika siku na saa, fundi wa zamu hata usiku, na picha ya kazi iliyokamilika. Kifungu cha mstari mmoja kimezaa kazi nne. Ukiona kifungu kwenye karatasi yako hakijazaa kazi hata moja, kisome tena.

Panga tarehe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuanza. Yanayohitaji fedha za mwenye nyumba, kama ukarabati wa waya za umeme au vyeti, yapewe nafasi ya mbele kabisa, kwa sababu mafundi wataelemewa majuma ya mwisho kila mtu atakapowatafuta.

Hatua ya 5: Ondoa nyaraka za zamani, kisha leta mpya

Nimetaja kuondoa kwanza kwa makusudi. Kuandika mkataba mpya ni rahisi. Tabu ni ule wa zamani unaobaki kwenye droo, kwenye barua pepe, kwenye simu ya wakala anayeonyesha nyumba. Fanya msako. Orodhesha kila karatasi inayomfikia mpangaji: tangazo la nyumba, fomu ya maombi, mkataba, orodha ya hali ya nyumba wakati wa kuingia, risiti, barua ya kupandisha kodi, taarifa ya kuja kukagua, onyo la malimbikizo, notisi ya kuhama, hesabu ya kurudisha amana. Kila mpya iwe na tarehe ya toleo chini ya ukurasa, ili mtu yeyote aione na kujua.

Katika sheria nyingi, kipengele cha mkataba kinachopingana na sheria hakimfungi mpangaji hata kama alitia saini. Wapo wasimamizi wanaojifariji kwamba basi hakina madhara, wakiache tu. Hapana. Mpangaji asiyeijua sheria atakisoma na kukiamini. Atalipa faini isiyopaswa kulipwa, au atahama siku ambayo angeweza kukaa. Kukiacha ukijua hivyo ni kumdhulumu, na sheria nyingine zinaweka adhabu kwa kukiandika tu.

Kwenye notisi, angalia mambo manne bila kuchoka: fomu ni ile iliyowekwa, sababu imetajwa kwa maneno ya sheria na maelezo yake yamejazwa, siku zimehesabiwa sawasawa, na namna ya kuifikisha inakubalika. Kuhesabu siku kuna mtego. Siku ya kutoa notisi inahesabiwa au haihesabiwi? Barua ya posta inahesabiwa imefika siku ngapi baadaye? Ujumbe wa simu unakubalika, au mpaka mpangaji awe amekubali kwa maandishi? Ukikosea siku moja, notisi nzima inaweza kuanguka.

Hatua ya 6: Kaa na wenye nyumba mapema

Msimamizi yuko katikati. Agizo linatoka kwa mwenye nyumba, lakini jina lililo kwenye notisi ni lake, na sheria nyingi zinaweza kumwajibisha wakala pamoja na aliyemtuma. Kwa hiyo usingoje mwenye nyumba akupigie akisema, "Mtoe huyo mwezi huu."

Mwandikie kila mmoja barua inayohusu nyumba zake, siyo waraka wa jumla. Inaweza kwenda hivi: "Nyumba zako tatu zitaguswa na sheria inayoanza tarehe hii. Ya kwanza, amana tuliyoshika inazidi kiwango kipya. Nitakueleza kama tunatakiwa kurudisha ziada sasa au mkataba unapohuishwa. Ya pili, cheti cha umeme kinakwisha mwezi kabla ya sheria kuanza. Ya tatu haina tatizo. Naomba ruhusa yako kwa matengenezo haya kabla ya siku fulani." Barua kama hii inajibiwa. Ile ya kurasa sita inawekwa kando.

Pitia pia mkataba wa usimamizi kati yenu. Useme wazi nani analipia gharama za kufuata sheria, kazi zipi za dharura unaweza kuagiza bila kungoja kibali, na kwamba hutatekeleza agizo lililo kinyume cha sheria. Hilo la mwisho liandikwe mkiwa bado mnasikilizana.

Kuna swali utakaloulizwa, nami nalijibu waziwazi. Mwenye nyumba atasema: kama sheria itabana kupandisha kodi au kumtoa mtu, tupandishe sasa, tuwatoe sasa. Mweleze lililotokea California, kwamba watunga sheria wanaiona mbio hiyo na wanaweza kuifunga kwa kurudi nyuma. Mweleze pia kwamba nyumba itakaa tupu, na atampoteza mpangaji aliyelipa kwa wakati miaka yote akampata asiyemjua. Halafu kuna familia itakayobeba vitu vyake barabarani kwa sababu ya kalenda tu. Usione haya kulisema hilo kwa mwenye nyumba, wengi wanasikia.

Hatua ya 7: Wafundishe wanaokutana na wapangaji

Mlinzi, fundi, anayekusanya kodi, dalali, anayepokea simu ofisini. Hawa ndio sauti yako, na hawahitaji somo la sheria. Wanahitaji kujua mambo machache wasiyoruhusiwa tena kusema au kufanya: kuingia bila taarifa, kukata maji au umeme kwa ajili ya deni, kubadilisha kitasa, kumwambia mwenye watoto kwamba nyumba imeshachukuliwa ilhali iko wazi. Wape majibu mafupi kwa maswali watakayoulizwa na namba ya kumpeleka mpangaji kwa lililowashinda. Fanyeni mazoezi, mmoja akijifanya mpangaji aliyekasirika. Rudieni baada ya mwezi.

Hatua ya 8: Waambie wapangaji

Sheria nyingine zinakulazimisha kumpa kila mpangaji maelezo rasmi kabla ya tarehe fulani. Hata pale usipolazimishwa, fanya. Ukurasa mmoja, lugha nyepesi, na kama jengo lina watu wa lugha nyingi, andika kwa lugha zao. Waambie kinachobadilika, kisichobadilika, kama wanahitaji kutia saini chochote (mara nyingi hawahitaji, na wengi huogopa kwamba mkataba wao umekufa), na pa kupeleka swali.

Usiwaombe watie saini mkataba mpya kwa haraka kabla hujajua masharti ya mpito yanasema nini. Saini hiyo inaweza kuuhamisha upangaji kutoka kanuni moja hadi nyingine bila ninyi wawili kukusudia.

Hatua ya 9: Amana, hesabu na programu

Hapa ni kazi ya mikono. Linganisha amana zilizo kwenye daftari na fedha zilizopo benki, nyumba kwa nyumba, mpaka zilingane. Kama sheria inataka zikae kwenye mfuko au akaunti maalumu, fungua mapema, kwa kuwa benki ina taratibu zake. Kwenye programu ya usimamizi, zima barua zinazojituma zenyewe: onyo la malimbikizo, faini ya kuchelewa, ongezeko la kodi la kila mwaka. Kompyuta itaendelea kutuma ya zamani mpaka mtu aiambie iache. Jaribu kwa nyumba moja ya mfano kabla ya siku ya kuanza.

Hatua ya 10: Siku yenyewe na miezi mitatu ya kwanza

Juma la kwanza, usitoe notisi yoyote ambayo inaweza kungoja. Inayolazimika kutoka isomwe na mtu wa pili, mwenye sheria mezani, akihesabu siku kwa kidole kwenye kalenda, kisha atie saini kwamba ameisoma. Endelea hivyo kwa miezi mitatu.

Usitupe kumbukumbu za kanuni ya zamani, hata kodi iliyokuwa ikilipwa kabla ya ukomo kuwekwa. Berlin iliweka ukomo wa kodi Februari 2020, wapangaji wengi wakapunguziwa. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikatangaza sheria hiyo batili kwa kuwa jimbo halikuwa na mamlaka ya kuitunga, na wapangaji wakadaiwa tofauti ya miezi iliyopita. Aliyekuwa na hesabu za pande zote mbili aliweza kukaa na mpangaji wake na kupanga malipo ya kidogo kidogo. Asiyekuwa nazo alibaki kubishana kuhusu kiasi.

Weka pia kitabu cha maswali. Kila swali la mpangaji au mwenye nyumba ambalo hukuwa na jibu lake, liandike pamoja na siku, jibu ulilopata na ulikolipata. Kila mwisho wa mwezi kipitie na wenzako, mrekebishe fomu na barua pale zilipowachanganya watu, na mbadilishe tarehe ya toleo chini ya ukurasa.